Suti ya Baba kwa Siku ya Hukumu

Greenwood, Mississippi

Dada Verlene,

Nisamehe kwa kuchelewa kukujibu. Mwanangu Josiah anaota meno, na mimi silali.

Nilikukasirikia, dada. Ulipokuwa wakili wa maskini uliwaombea huruma wezi usiowajua. Seneti ilipokupitisha kuwa jaji wa shirikisho, kaka yetu Dewitt ndiye aliyekaanga samaki wa kusherehekea kanisani. Leo amekiri wizi, anangoja hukumu, nawe unasema jaji haruhusiwi kumwandikia jaji mwenzake kumsifu mtu.

Nilimsomea Dewitt barua yako jikoni, huku akimbembeleza mtoto.

"Mwache mheshimiwa wetu," akacheka. "Akivunja kiapo kwa ajili yangu, si nitakuwa nimeiba mara mbili?"

Kisha akageukia ukuta, mabega yakawa yanatikisika.

Basi, sitakuomba tena umwandikie jaji. Ila Jumanne wanamhukumu, na huenda wakamchukua palepale. Nitumie suti nyeusi ya baba, ile uliyoichukua baada ya mazishi, pamoja na tai yake, Dewitt avae mahakamani. Nitumie dawa ya fizi za Josiah. Na uje mwenyewe bila joho, ukae nami benchi la nyuma, unipokee mtoto nikisimama kumuaga kaka.

Mdogo wako,
Corliss