Chura Hana Dalali

Nyumbani, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Mimi mzima, mama naye mzima, isipokuwa goti lake, likiona mawingu tu linaanza kusema. Na wewe je? Shemeji na mpwa wangu hawajambo?

Fundi uliyemtuma kufukia bwawa amefika. Mama kafurahi. Tangu baba afariki samaki wamebaki wanne, lakini vyura hawana idadi, wanapiga kelele kama wana kesi mahakamani. "Lifukiwe hata leo," mama akasema. Fundi akajibu, "Kesho, mama." Mchanga kesho, koleo kesho. Tumeshampa jina, Bwana Kesho.

Ila dada, huyu mtu simwelewi. Bwawa kaliangalia kwa jicho moja, nyumba kaiangalia kwa mawili. Kazunguka nyuma ya jiko, kagonga ukuta kwa vidole, kaweka na sikio kama daktari. Nikataka kumuuliza, "Kwani bwawa limehamia ukutani?" Lakini unanijua, maneno yangu yakifika kwenye meno yanakaa chini. Halafu mafundi si wapo hapa kona? Kwa nini umtoe wa huko kwako?

Nisamehe mwandiko, shule yenyewe unajua niliishia wapi.

Mdogo wako,
Kimya

12 Machi

Mdogo wangu Kimya,

Marahaba. Nashukuru kusikia mko salama. Hilo goti mkande mama kwa maji ya moto, asijifanye shujaa. Sisi hatujambo. Mpwa wako ameanza kutembea, na akiona maji popote anayafuata. Juzi nimegeuka kuchukua sabuni tu, kurudi namkuta kichwa kizima kiko ndani ya beseni. Beseni nikalimwaga hapo hapo. Simleti hapo mpaka bwawa liwe ardhi kavu.

Fundi namwamini. Mwache afanye kazi yake, usimfuatefuate kama kivuli. Na mama usimjaze maneno.

Dada yako

Nyumbani, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Huku tunapumua.

Ile yako nimemsomea mama kama kawaida, si unajua herufi kwake ni kama sisimizi. Ule mstari wa kumjaza maneno niliuruka.

Sasa sikiliza. Bwana Kesho alileta pampu, akatoa maji yote, samaki tukawahamishia kwenye pipa. Tope likabaki linang'aa. Asubuhi tunaamka, maji yamerudi mpaka magotini! Katoa tena. Yamerudi tena. Yeye anasema chini kuna chemchemi. Jirani anasema baba amekasirika. Mimi nasema ni yeye mwenyewe anayajaza ili kazi isiishe. Mtu gani anapata kazi ya siku mbili halafu anachekacheka ikifika wiki?

Na si hilo tu. Nyuma ya jiko kachomeka vijiti, kavuta kamba pande nne. Mama akamuuliza, "Kamba ya nini, fundi?"

"Ya kupimia kifusi, mama."

Dada, kifusi kinapimwa kwa kamba tangu lini? Mama akaitazama ile kamba. Akaingia ndani, akamletea chai. Nilimwona fundi anavyoinywa, uso umekunjamana. Haikuwa na sukari hata punje.

Kuna jingine nalisema kwa woga. Barua zako zote huwa unaandika "shemeji yako anakusalimu". Ya safari hii hukuandika. Nimeisoma mara tatu nikidhani nimeruka.

Mdogo wako,
Kimya

Nyumbani, 4 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mbona kimya? Kimya si jina langu mimi?

Mwizi wa bwawa, anayelijaza usiku, nimempata. Niliamka kabla jua halijatoka, nikajibanza nyuma ya mlango wa jiko, macho kwenye bomba la mfereji. Nilijua nitamkamata Bwana Kesho. Akatokea mtu na mpira wa maji, kanga kajifunga kiunoni, anachechemea goti.

Mama.

"Umeniona?" akaniuliza, wala hakugeuka.

"Nimekuona."

"Basi nyamaza, kama unavyonyamaza siku zote."

Nikasema lakini mama, wewe si ndiye unayewalaani hawa vyura? Akasema, "Hata leo siwapendi. Lakini chura hana dalali. Kiwanja chenye shimo la maji katikati nani atakinunua? Siku likifukiwa, na hiyo kamba yao imeshavutwa, nitaambiwa nifunge mizigo. Tangu alipogonga ukuta nilijua: dada yako anaona haya kuniambia, kamtuma fundi."

Mimi nimesimama nimeshika mpira naye, yeye upande huu, mimi upande huu, maji yanaingia. Sikufunga mfereji. Nakuambia ukweli, sikufunga.

Dada, unauza nyumba? Mama atakwenda wapi na lile goti? Usinizungushe. Jibu ndiyo au hapana.

Mdogo wako

11 Aprili

Mdogo wangu,

Hapana. Narudia, hapana, siuzi.

Mimi na mtoto tumetoka kwa shemeji yako. Tunalala kwa rafiki yangu fundi cherehani, chini, katikati ya mashine, na kila asubuhi namtoa mtoto sindano kwenye nywele. Kule sirudi, na sababu usiniulize kwa barua.

Kamba uliyoiona ni chumba. Cha kwangu na mpwa wako. Nilimkataza fundi asiseme. Nilifikiri chumba kikisimama nitakuja kama mgeni, mgeni atachelewa kuondoka, mwisho mtazoea. Nilishindwa kumwandikia mama "nimeachika". Neno lenyewe linakataa kutoka kwenye kalamu. Na wewe ndiye ungemsomea.

Huu upande wa pili usimsomee.

Dada yako

Nyumbani, 17 Aprili

Dada,

Shikamoo. Tuko salama, na hata goti limenyamaza.

Nilijaribu. Nilisoma upande wa kwanza nikaikunja. Mama akasema, "Soma."

"Imeishia hapo."

"Wino naouona kwa nyuma ni wa mbu?"

Nikasoma. Sindano zile za kwenye nywele akaniambia nirudie. Kisha akanyanyuka akaelekea mfereji, nikajua leo bwawa litafurika mpaka barabarani. Akauchomoa mpira, akauviringisha, akausukumia chini ya kitanda chake. Akaazima simu ya jirani: "Fundi, njoo. Leo. Ukisema kesho nakufuata huko."

Bwawa sasa ni udongo, tumelishindilia kwa miguu mimi na fundi. Samaki kachukua jirani. Amebaki chura mmoja, anakaa juu ya kifusi kama anangoja mteja.

Ile kamba mama kaing'oa. Kachomeka vijiti upya mwenyewe, mlango wa chumba chako uangalie mlango wake. Fundi akasema hivyo jua litaingia vibaya. Mama akamwambia, "Jua si mwanangu."

Kanituma nikuandikie hivi, neno kwa neno: usingoje lipu ikauke. Mtu haji kwao kwa kamba ya fundi. Chomoa hizo sindano, mbebe mtoto, mje.

Chai ya Bwana Kesho sasa ina sukari. Kijiko kimoja. Mama anasema bado anamtazama.

Mdogo wako,
Kimya