Kabati Nililolipigilia Misumari Mgongoni

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na ukiweza nijibu kabla ya Jumapili. Mimi ni seremala, nyumba yangu ina furaha tele, ila aibu nimejitafutia mwenyewe. Baba mkwe alitupa amplifaya yake na spika mbili kubwa, vitu alivyovitunza kama mboni ya jicho, baada ya mashine yake ya santuri kufa, akasema nyie mna kompyuta, unganisheni humo tusikie. Na humo kwenye kompyuta mke wangu amehifadhi sauti ya kanda ya zamani, mama mkwe na dada zake wakiimba, wakati huo mke wangu bado wa kubebwa mgongoni, na wazee hawajaisikia miaka mingi. Basi nikatengeneza kabati, mshauri, kabati! Milango inafunga kimya, na waya nyuma ya amplifaya nikauacha palepale alipouchomeka baba mkwe, kwa heshima, ncha ya pili nikaitia pini ndogo ya kompyuta, nikafunga ubao wa nyuma kwa gundi na misumari, nikawasha. Lo! Ikanguruma kama mashine ya randa, hata nikipunguza, mama mkwe anaimba kama kafunikwa sufuria. Kila baba mkwe akipiga simu anauliza, "Mwanangu, inaimba?" nami najibu, "Inaimba, baba!" Sasa Jumapili wanakuja kuisikia, mke wangu anasema bomoa kabati uangalie nyuma, mimi nasema amplifaya imekufa, na kumwambia mzee kitu chake kimefia mikononi mwangu siwezi. Nifanyeje?

Fundi Kabati

Fundi wangu, nimecheka mpaka chai ikapoa, halafu nikakuonea huruma, halafu nikakasirika. Amplifaya ni nzima! Umeichomeka kompyuta kwenye tundu la santuri. Sindano ya santuri hutoa sauti dhaifu, kwa hiyo tundu lile kazi yake ni kuikuza kwanza. Kompyuta inafika na sauti yake tayari, ikikuzwa tena ndiyo hiyo ngurumo. Mbao unapima mara mbili, waya hukuuangalia hata mara moja! Mkwe huheshimiwa kwa kuambiwa kweli, siyo kwa kuogopa kugusa waya wake. Na njia ya mwongo ni fupi, yako inaishia Jumapili.

Ng'oa ubao wa nyuma leo. Lia kidogo kama lazima, halafu shika patasi. Zima kila kitu, hamishia waya palipoandikwa AUX, yaani tundu la vyombo vingine, na kitufe cha mbele cha kuchagua tundu nacho ukielekeze hapohapo. Kwenye kompyuta, tundu ni lile la kijani. Anza na sauti ndogo. Ubao usiurudishe, amplifaya hupata joto na inataka hewa, na mkeo umwambie kwa mdomo wako kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi.

Ikishaimba vizuri, izime, uchomoe pini moja ya waya huo nyuma ya amplifaya, ile nyekundu, umwachie mzee. Jumapili mwambie mzee, "Baba, nilikudanganya, ilikuwa hainiimbii. Njoo uimalizie wewe." Atakutania mbele ya mkeo, na atakutania miaka kumi. Vumilia. Mshikie tochi achomeke kwa mkono wake. Na mama mkwe akianza kuifuatisha sauti yake ya ujanani pale kwenye kochi, funga mdomo, fundi, usithubutu kulisifia kabati.