Sauti ya Baba Redioni

Dar es Salaam,
9 Juni 1981

Mpendwa Dada Natalia,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Masakta, wewe, shemeji na watoto. Mimi mwili ni mzima, ila kutulia siwezi. Hii ni karatasi ya nne, tatu nimezichana.

Kazi ya redio inaendelea. Katika mchezo mmoja natoa sauti nne: mlevi, mama mkwe, bwana shamba, hata mbuzi anayezaa ni mimi. Juzi karani wa posta alinisikia nikiomba stempu, akawaita wenzake waje wamwone mama mkwe. Nilicheka, lakini njiani nikajiuliza sauti yangu mwenyewe ni ipi.

Barua yako nimeipata. Unasema wazee wamemtenga Baba tangu Aprili, hawamwiti kikaoni wala kwenye pombe ya asali, kwa kuwa walimsikia redioni akikubali trekta zilime juu ya makaburi ya wazee. Baba anaapa hajawahi kuongea na mtu wa redio, nao wanajibu kwamba sauti ya Gidahosh wanaijua tangu ujana. Ukaniuliza, mimi niliyeko huko huko redioni, nani alimrekodi.

Hakuna aliyemrekodi, Dada. Ni mimi.

Mtayarishaji alitaka mzee mfugaji wa Hanang anayeridhia mashamba ya ngano. Nilijaribu sauti mbili, akasema hazina uzito. Basi nikaichukua ya Baba: kikohozi chake, kule kunyamaza kwake kabla ya neno kubwa, jinsi anavyouliza habari za ng'ombe kwanza, za watu baadaye. Studio nzima ilipiga makofi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilisahau kwamba huko kwetu sauti ya mtu ikishasema, basi amesema mwenyewe.

Nimeomba ruhusa, nimenyimwa. Nitakuja hivyo hivyo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitashuka Katesh. Mwombe mzee Bura aite kikao, Baba akae mbele yao kimya. Nitayarudia maneno yale kwa sauti yake, wakiniangalia mdomoni. Kisha wanitoze ng'ombe, wanitenge mimi.

Wasalimie shemeji, watoto na Kornelia wa jirani. Lakini kwa Baba usingoje mpaka nifike. Umeandika kwamba siku hizi anakuuliza kama labda aliyasema akasahau. Nenda leo, Dada, umwambie hakuyasema.

Ni mimi mdogo wako,
Hermani Gidahosh