Watoto Wanashuka Kasenyi

Bunia, Saio

Wifi yangu Musoki,

Nakusalimia sana. Samaki zako zilifika, tulikula zote. Kaka yako Athanase angali kule kwenye machimbo ya zahabu, na huku mvua inanyesha tu.

Upele ya watoto imerudia tena. Munganga wa hospitali aliniuliza: "Mama, watu wote wa nyumba walijipakaa dawa? Mumoja akikataa, inarudia kwa wote." Nilikukumbuka weye. Ile mara ya kwanza, ulipokuwa mugeni hapa kwetu, siye tulijipakaa toka shingo mpaka miguu, tukachemsha mashuka. Weye ulikataa, ukasema ile ni ugonjwa ya watu wachafu, na huku unajikuna chini ya kikwembe ulichojifunga! Ukaendelea kulala na watoto wangu Didier na Fifi. Kisha ukashuka kwako Kasenyi kuambia familia yote kwamba Kaswera hajui kuogesha watoto.

Sitabishana na weye. Watoto ndio wamekuletea hii barua. Watabaki kwako vakanse yote, mpaka masomo ianze tena, kwenye nyumba yako safi. Chupa ya dawa imebaki hapa. Wanakupenda sana, na nimewaambia walale na weye kitanda kimoja, kama zamani.

Ni mimi muchafu wako,
Kaswera