Punje ya Zaituni

Mjukuu wangu Rehema,

Natangaza kwa masikitiko makubwa kwamba jogoo wa bibi yako amemeza kitufe cha redio yangu. Sisi wengine hapa Manundu hatujambo.

Wewe daktari mtarajiwa umeuliza kama kweli nilipokuwa mganga wa zahanati kule Handeni, enzi za vijiji vya ujamaa, niligundua ugonjwa wa ajabu wa Zaituni. Mtoto yule kifua kilimkoroma mwezi mzima, akakonda, anapigania pumzi. Nikamdunga sindano za nimonia, kisha nikaandika "pumu" kwa mwandiko wangu mzuri. Kila walipokuja, mama yake alinieleza, "Mganga, yalianza siku ile tunabangua karanga za shamba la kijiji." Nami na koti langu jeupe: "Mama, jibu ninachokuuliza."

Hali ilipozidi, tukapanda lori la mkonge hadi hospitali ya Korogwe. Nikiwa namsomea daktari maandishi yangu, mama akanikatiza akasema habari ya karanga. Madaktari wakamtoa mtoto nusu punje ya karanga kwenye njia ya hewa.

Kijijini walinipokea kwa ngoma, eti mimi ndiye niliyegundua ugonjwa, nami nikaingia katikati nikacheza. Mama Zaituni alipiga makofi pamoja na wengine, wala hakunisahihisha.

Babu yako