Jogoo wa Darasa la Sita

Shule ya kati, Mbeya
9 Juni 1956

Dada Mwanakhamisi,

Shikamoo. Baridi ya huku inang'ata, lakini sweta uliyonifumia inanifaa.

Barua yangu ya Jumatatu niliiandika kwa hasira. Mwalimu Jailos alitangaza kwamba darasa zima tutapika jogoo na kula sinia moja, ati tuzoeane. Mwislamu ni mimi peke yangu. Nikajua huu ni mtego: nile kibudu, au nikatae wapate kusema najitenga. Wiki nzima niliwachunguza. Anania, anayelala kitanda jirani na changu, alikuwa akinong'ona na wenzake, nikitokea, kimya.

Jana maji yalichemka, ndizi zikamenywa, na jogoo bado mzima, kafungwa miguu. Nikauliza wanangoja nini. Anania akanipa kisu.

“Tunakungoja wewe uchinje, wote tule. Tulikuwa tunabishana nani akuombe. Unatutazama kama wezi, bwana!”

Dada, sijapata kuchinja hata kifaranga. Lakini nilipiga bismillahi, nikachinja.

Ile barua ya Jumatatu ya kuomba nirudishwe Iringa, kama hujamsomea Baba, ichome.

Mdogo wako,
Muharami