Mabati yangu yamelala na kuku wa Mama Saidi

Alhamisi, jioni. Upepo una baridi, mawingu yamejikusanya upande wa Manyoni na mimi nayaangalia kwa jicho baya.

Haya, nilikuwa nimefika wapi? Eeh, kwa yule kijana wa bima. Jana simu iliniishia chaji nikiwa katikati ya maneno, nikalala nayo mdomoni. Na mnanijua, neno likilala kwangu linanipa kiungulia.

Kwa wewe uliyeingia sasa hivi: mvua ya mawe ilitupiga hapa Mkiwa, mawe kama mayai ya kanga. Ilipokatika, ukisimama kile chumba cha uani unaona juu kumekuwa chekeche. Nikacheka. Nikasema sawa, sasa nitahesabu nyota nimelala. Halafu nikakumbuka chumba kile ni cha nani, nikakaa chini.

Ni cha Hapi.

Hapi mwanangu, ndiye huyo huyo mmoja. Ameolewa Kahama, na huu ukurasa alinifungulia yeye kabla hajaondoka, akasema, "Mama, andika humu, nikikukumbuka niwe nasoma." Sasa ana mimba ya kwanza, inakaribia. Na huku kwetu mimba ya kwanza mtoto anarudi kwa mama yake. Mama ndiye anamkanda maji ya moto, anamkorogea uji, anampokea kichanga ili yeye alale. Tangu siku walipomchukua nasubiri hilo tu. Kitanda chake nimekitandika, nimekitandua, nimekitandika tena.

Mama mkwe wake akasikia habari za bati. Akanipigia: "Mama mwenzangu, mjamzito hakai chini ya matundu. Ezeka kwanza, ndo nimlete." Hakusema kwa ubaya. Ana haki kabisa.

Ndo maana inauma.

Sasa bima. Ile nilipewa pamoja na mkopo wa mashine ya kukamulia alizeti. Walisema nyumba lazima ikatiwe bima, nikasaini nikasahau, nikajua ni hela imekwenda hairudi, kama sadaka. Baada ya mawe nikawapigia. Dada wa kwenye simu ana sauti tamu huyo! Akasema piga picha, mama, usiguse kitu, mkaguzi atakuja.

Usiguse kitu! Nani anaishi hivyo huku? Jumapili watu wametoka kanisani, wengine wamemaliza kuswali adhuhuri, wote hao uani kwangu na nyundo. Huku mtu akiharibikiwa nyumba watu hawaulizi, wanapanda juu. Mimi nimwambie fundi Njiku ashuke kwa sababu kuna dada amesema kwenye simu? Wangesema nimeanza kuringa. Nikapika makande. Wakang'oa mabati mabovu yote, wakafunika turubai. Na kama ilivyo desturi yetu, kila aliyefanya kazi akaondoka na bati lake bovu, maana bati lililotoboka halitupwi, linakuwa banda, linakuwa mlango wa choo. Mgawaji nani? Mimi, na kicheko juu. "Chukua hili, bata wako watalipenda."

Picha niliipiga. Moja. Dole gumba langu limekaa katikati yake.

Basi jana kijana kaja. Mpole, shikamoo yake nzuri, viatu vyeusi vimegeuka vyekundu kwa vumbi. Kaangalia juu, kaona turubai.

"Mama, mabati yaliyoharibika yako wapi?"

"Moja liko kwa Mama Saidi, limelala na kuku. Mengine yameolewa huko mtaani."

Hakucheka. Akasema asipoyaona hawezi kuandika kwamba ni mawe. Wenzake ofisini watasema mabati yalichakaa yenyewe, au nimeyauza.

Nikamwambia twende. Kama kuna kazi Mungu alinijalia, ni kujua kitu cha nani kiko kwa nani.

Mama Saidi jirani yangu, tunaombana chumvi na moto miaka yote, alikuwa anapepeta mtama. Kumwona mgeni ana kitambulisho shingoni, akajua ni serikali.

"Bati? Bati gani? Hilo nimelikuta hapa hapa."

"Mama Saidi, si nilikupa mwenyewe Jumapili?"

"Mdomo wako huo, Mama Hapi! Leo bati, kesho utasema na jogoo ni wako."

"Jirani, huyu ni mtu wa bima tu."

"Ndo wanavyoanzaga hivyo hivyo!"

Kijana akaanza kurudisha simu yake mfukoni. Na mimi, mimi mwenye maneno ya kugawa kijiji kizima, nikamshika Mama Saidi mkono. Nilichoweza kusema kilitoka chembamba kama cha mtoto. "Ni la chumba cha Hapi, Mama Saidi. Huyu asipoliona, Hapi atajifungulia Kahama."

Ungo ukawekwa chini.

"Sasa si ungeanza na hilo, mjinga wewe!"

Akalivuta bati kwa mikono yake, kuku wakatapakaa mpaka barabarani, lori likapiga honi. Mwenyewe akasimama anapaza sauti, "Leteni mabati ya Hapi! Kila mtu alete!" Yakaja. Moja lilitoka chooni, nikaomba lilazwe mbali kidogo. Kijana akayapiga picha yote, na Mama Saidi yuko mgongoni kwake, "Usiruke hayo madogo, mwanangu, na hayo ni matundu."

Kabla hajapanda bodaboda nikamuuliza, je, watanilipa? Akasema ukweli wake: atapeleka, ila uamuzi si wake, na kwa sababu mabati yaliguswa wanaweza kukataa. Itachukua wiki kadhaa.

Wiki kadhaa. Mimba inajua wiki za bima?

Leo alfajiri Hapi kanipigia. Siku zote tunacheka mpaka salio linakata. Leo hata salamu hakumaliza, akauliza, "Mama, jana ulikula nini?" Nikamwambia mlenda na ugali wa mtama. Nikasikia anameza mate. Huko mbali kote, nikamsikia anameza mate. Nimeshinda na kile kimlio sikioni siku nzima. Nimekamua alizeti, kinanifuata. Nimemsema mke mdogo wa mwenye mashine ya kusaga, hata utamu sikuusikia.

Nawaza. Chumba changu hakikupigwa hata tundu moja. Mbona sikuliona hili? Nimeng'ang'ania kumwezekea chumba chake cha usichana, kama vile ninayemsubiri bado ni yule msichana. Alale kwangu, kitandani kwangu, mimi nitajilaza chini hapo hapo nimsikie akigeuka. Bima ilipe, isilipe. Kesho nampigia mkwe, namwambia mama mwenzangu, pakavu papo, nipe mwanangu. Akikataa je? Nitalia kwenye simu, na mimi nikilia

Ngoja. Mama Saidi anapiga kelele huko barabarani kama nyumba inaungua.

"Mama Hapi! Weee, Mama Hapi! Acha hiyo simu! Basi limemshusha mwanao hapa, peke yake, na tumbo hilo na mabegi hayo, njoo umpokee, hawezi kuinama!"

Viatu vyangu viko wapi